Dakika za Kukaa na Jaufar

Jumamosi asubuhi, baada ya kula roshi mbili, chapati za kwao, na mas huni ya samaki na nazi ambayo mama yake aliizidisha pilipili, Shiuna alikwenda dukani kwa Shamoon kuchagua kompyuta ya kuzamia. Shamoon alikuwa ameshazipanga tatu juu ya taulo, kando ya beseni ambamo wageni husuuza miwani yao. Duka lilinuka mpira na chumvi. Nje, mtu alikuwa akigongagonga mitungi ya hewa akiipakia kwenye mkokoteni.

Kazi ya kompyuta zote tatu ilikuwa moja. Unaivaa mkononi, nayo inahesabu umeshuka mita ngapi na umekaa muda gani, kisha inakuonyesha dakika zilizobaki kabla mwili haujajaa gesi. Dakika zikiisha, huwezi tena kupanda moja kwa moja. Lazima upande kwa vituo, usimame katika kila kina kwa muda unaoambiwa, mpaka gesi itoke taratibu.

Ya kwanza ilikuwa na kioo cha rangi, na ilichajiwa kama simu. Ya pili ilikuwa kali; ilitoa dakika chache kuliko wenzake, na ukiivunjia masharti ilijifunga. Ya tatu ilikuwa nene, bila urembo wowote, yenye kitufe kimoja na tarakimu kubwa, na betri yake ulibadilisha mwenyewe kwa kufungua kifuniko kwa sarafu.

Shiuna alifundisha hesabu darasa la nne, kwa hiyo alisoma vijitabu vyote vitatu hadi mwisho. Hata hivyo Shamoon hakumruhusu kununua. Dukani kwake mtu alinunua kompyuta baada ya kupiga mbizi moja na kila moja.

"Hapa mezani zote zina adabu, mwalimu," alisema. "Tunakwenda wapi?"

"Kwa Jaufar."

Shamoon aliitikia kwa kichwa, akaandika kwenye daftari la boti.

Jaufar alikuwa kaka yake Shiuna. Kwa miaka kumi na mitano alikuwa amekaa kwenye thila, ule mlima wa matumbawe ulio mwendo wa nusu saa kutoka bandarini, ambao kilele chake hakijafika juu ya maji. Alikaa kwenye kijukwaa cha mwamba, magoti kifuani, na kando yake mfuko wa wavu wenye majongoo bahari. Wageni wakati mwingine walimpiga picha. Waongozaji waliwaambia wasimguse, kama walivyowaambia kuhusu kasa.

Kijukwaa hicho kilikuwa mita thelathini na moja na nusu. Sheria ya nchi inamruhusu mzamiaji wa starehe kufika mita thelathini, na Shamoon hakuwa mtu wa kuongeza hata shibiri. Shiuna alikuwa ametumia likizo mbili za shule kusomea vyeti vya kumfikisha huko. Alipomwona kaka yake mara ya mwisho, yeye Shiuna alikuwa na miaka kumi na mmoja.

Walishuka yeye na Shamoon, kompyuta ya rangi ikiwa mkononi mwake. Katika mita thelathini ilimpa dakika kumi na saba. Jaufar alikuwa pale pale aliposemwa kuwa yuko, akitazama juu. Alikuwa bado na miaka ishirini na mitatu, na shati lake la njano lenye namba ya timu ya kisiwa.

"Kokko," alisema, kama alivyomwita tangu alipozaliwa, yaani mdogo wangu. "Umekuwa mkubwa kuliko mimi. Nani alikupa ruhusa?"

Yeye hakuwa na kifaa cha hewa mdomoni, hivyo aliongea bila taabu. Shiuna alikuwa nacho, kwa hiyo aliandika kwenye kibao kilichofungwa kiunoni mwake, na herufi zake, ambazo darasani zilisifiwa, zilitoka zimepinda.

*Beybe, kaka yangu, mama anauliza unarudi lini.*

Jaufar alisoma akikunja macho. Alisema angekuwa amesharudi zamani, ila hajui saa ngapi. Alikuwa amekaa chini sana siku ile, na kwenye chombo chao cha kuvulia majongoo hapakuwa na kompyuta. Palikuwa na saa moja ya mkononi kwa watu sita, tena ilikuwa ya nahodha. Akipanda kabla ya wakati ataumia, na aliwahi kuona watu walioumia. Akaona asubiri mpaka aje mtu anayejua.

Shiuna alinyosha mkono chini, Jaufar akanyosha wake juu. Mikono miwili ya watu wa familia ile ikiunganishwa inafika mita moja na nusu. Alimpa kompyuta, naye akaivaa na kuitazama. Ilionyesha dakika tisini na tisa za kupanda, na ikabaki hapo hapo mpaka walipoondoka, kwa sababu kioo chake hakikuwa na nafasi ya tarakimu ya tatu.

Nyumbani mama yao, Saudhiyya, alikuwa ukumbini akipeta mchele. Aliuliza jambo moja tu.

"Amekonda?"

"Hajakonda, mama. Yuko vilevile."

Saudhiyya aliendelea kupeta. Mwenye chombo alichofanyia kazi Jaufar, mtu aitwaye Hilmee, aliandika ripoti wakati ule. Ripoti ilisema Jaufar alizamia peke yake, mara moja tu, siku ya mapumziko, kwa tamaa yake mwenyewe. Kwa hiyo Saudhiyya alimlilia mwanawe miaka kumi na mitano huku akimkasirikia, na kazi hizo mbili zilimchosha. Alikuwa na miaka sitini na minne. Kila Ijumaa alifua shuka za kitanda cha Jaufar na kuzitandika upya.

Jumamosi iliyofuata walikwenda na kompyuta kali. Ilimpa Shiuna dakika kumi na moja. Ilipofika kwenye mkono wa Jaufar ililia mara tatu, ikajifunga kwa saa arobaini na nane, kama inavyomfanyia mtu yeyote aliyevunja masharti.

"Huyu ana roho ya mwalimu mkuu," alisema Jaufar, akairudisha.

Kwa muda uliobaki alimuuliza kuhusu timu ya kisiwa, na kama yule binti wa nyumba ya bluu aliolewa. Shiuna aliandika kwamba aliolewa, ana watoto watatu, mmoja yuko darasani kwake. Jaufar akasoma kibao kwa muda mrefu kuliko urefu wa maneno.

Jumamosi ya tatu walikwenda na ile nene. Mkononi mwa Jaufar ilikaa kimya kwa muda, tarakimu zikizunguka, kisha ikatulia. Aliigeuza ili mdogo wake aone. Kituo cha kwanza kilikuwa mita thelathini na moja. Jumla ya muda wa kupanda ilikuwa miaka thelathini na minane na miezi miwili.

"Angalau sasa najua," alisema Jaufar.

Walipofika dukani Shamoon aliiunganisha na kompyuta yake ya mezani, kama alivyofanya kwa kila mteja, ili kuona kumbukumbu ya mbizi. Zilitokea mbizi nane za siku moja, miaka kumi na mitano nyuma. Ilikuwa Jumanne, siku ya kazi. Ya kwanza ilianza saa moja na robo asubuhi. Ya nane ilianza saa kumi na dakika kumi jioni, na ilifika mita hamsini na mbili.

Shamoon alizisoma moja moja, kidole juu ya kioo. Mguu wake wa kushoto haukuwa ukimsikia vizuri tangu ujana, na akisimama sana aliegemea meza. Sasa aliegemea.

"Siku ile mimi niliishia ya sita," alisema. "Walinipeleka hospitali Male. Karatasi ya ripoti ililetwa kitandani, nikatia sahihi."

Shiuna aliitia kompyuta kwenye beseni na kuisuuza, ingawa ilikuwa imeshasuuzwa. Aliisuuza mpaka Shamoon akakaa.

Jumapili, ambayo kwao ni siku ya kazi, baada ya shule alipeleka kumbukumbu ile, ikiwa imechapishwa kwa kurasa mbili, kwenye ofisi ya baraza la kisiwa. Karani aliipitia na kukubali kwamba saa na kina vinalingana na mambo ambayo watu wote wanayajua. Tatizo, alisema kwa upole, ni kwamba taarifa ya mbizi hutolewa na mzamiaji mwenyewe kwa kujaza fomu ofisini. Akauliza kama marehemu anaweza kufika. Shiuna akamwambia anaweza, baada ya miaka thelathini na minane na miezi miwili. Karani aliandika muda huo pembeni, akagonga muhuri, akaweka karatasi kwenye faili.

Hilmee alikuwa bandarini, amejinyosha kwenye joali, kiti cha kamba, akitafuna popoo. Chombo chake kilikuwa kinapakiwa mitungi. Alimsalimu Shiuna vizuri na kuuliza hali ya mama.

"Nasikia unanunua mashine ya mkononi," alisema. "Mwanangu, hizo ni za watalii. Sisi tumezaliwa majini. Unataka mashine ikuambie kwamba umelowa?"

Wanaume waliokuwa wakipakia walicheka. Hakuna hata mmoja aliyevaa kompyuta mkononi. Shiuna, ambaye sauti yake haikuwahi kuvuka dawati la mbele darasani, alimtajia mbizi nane, na mita hamsini na mbili, na Jumanne. Hilmee alisikiliza bila kukatiza. Kisha akauliza imebaki miaka mingapi Jaufar afike juu, naye akamwambia.

"Si mingi," alisema Hilmee. "Kijana yule bado mdogo."

Jioni Shiuna alimweleza mama yake. Saudhiyya alikaa kitandani kwa Jaufar, juu ya shuka safi.

"Haikuwa siku ya mapumziko basi."

"Haikuwa."

"Wala hakukaidi."

"Hakukaidi, mama. Alitumwa."

Mama alijumlisha kwa vidole umri wake na miaka ya kupanda. Alipofika mia moja na mbili alivikunja vidole. "Basi nitapunguza chumvi," alisema.

Shiuna alinunua ile nene na kumpelekea Jaufar. Betri yake ingedumu miaka miwili, kwa hiyo alinunua betri kumi na tisa, akaziweka kwenye kopo la biskuti juu ya kabati, pamoja na sarafu ya rufiyaa mbili ya kufungulia. Shiuna mwenyewe, Shamoon alimpa ile kali, na alipotaka kukataa akamwambia ndiyo inayomfaa, kwa sababu itamrudisha nyumbani.

Tangu hapo kila Jumamosi alipata dakika kumi na moja. Alizipanga kama mtu anayepanga vyombo kwenye kabati dogo: dakika moja ya mama, mbili za kisiwa, moja ya kucheka. Zilizobaki walikaa tu, mikono imenyoshwa, ncha za vidole zikigusana. Kufikia mwezi wa Ramadhani Jaufar alikuwa amepanda nusu mita, hadi mwamba wa juu ya kijukwaa chake, na Shiuna hakulazimika tena kunyosha mkono wote.

Jumamosi moja walisikia injini ya chombo cha Hilmee juu yao, ikasimama. Mtu alishuka upesi kando ya ukuta wa matumbawe, mfuko wa wavu ukimfuata nyuma. Alikuwa Nizam, baba wa mwanafunzi wake mmoja. Mkononi hakuwa na kompyuta. Shiuna alimwonyesha kompyuta yake, akaigonga kwa kidole, akamwonyesha juu. Nizam akamsalimu kwa heshima, kama wazazi wanavyomsalimu mwalimu, akaendelea kushuka mpaka maji yakawa meusi.

Kompyuta kali ililia. Dakika zilikuwa zimekwisha.

Shiuna alipoanza kupanda alitazama chini. Jaufar alikuwa amejisogeza kidogo akauvuta na mfuko wake, na kando yake kulikuwa na nafasi ya mtu mmoja.