Wakisema Mpira Unatoka

Wazazi wenzangu wa Bagara na kwingineko, mgonjwa akitolewa mpira wa kupumulia si lazima afe. Ulizeni kwanza kama anapumua mwenyewe. Kwetu hakuna aliyeuliza, na mwanangu Brayan nusura abaki na mpira ule mpaka umletee nimonia.

Brayan alianguka na pikipiki kule Mutuka. Akalazwa chumba cha mahututi, mpira umepita mdomoni hadi kwenye njia ya hewa, mashine inampumulia. Baba yake yuko machimboni Mirerani, simu haishiki, kwa hiyo kauli ikawa ya shemeji Anselm, kaka mkubwa wa mume wangu.

Asubuhi moja nesi Clara akatuita mlangoni. "Brayan amezinduka. Tumemjaribu, anapumua mwenyewe. Leo daktari anataka kumtoa mpira."

Shemeji akavua kofia. "Binti, kuna jirani yangu Maisaka walimtoa mpira saa nne. Saa sita tulikuwa tunamlilia."

"Pole, mzee. Alikuwa anapumua mwenyewe?"

"Alikuwa mgonjwa."

"Huyu anapumua."

"Basi apumue na mpira wake humo humo. Unamdhuru nini?"

Nesi akanigeukia. "Mama Brayan, dumu la maji la nyumbani, ukipitisha kidole ndani unakuta nini?"

"Utelezi."

"Na mpira unaota utelezi. Ni vijidudu vimeng'ang'aniana, dawa haivifikii vizuri. Vikishuka kwenye mapafu, ni nimonia. Tunamsafisha kinywa, tunainua kichwa cha kitanda, tunamvuta makohozi, lakini kadiri mpira unavyokaa, hatari inaongezeka."

Mimi dumu huwa natia mchanga na kokoto, natikisa. Nikaona wazi kwamba Brayan huwezi kumtia kokoto.

Shemeji alikuwa ameshasogea pembeni na simu, anaulizia turubai la msiba. "Nawahi tu," akasema, "Jumamosi kuna harusi nyingi. Na ukikubali, Mama Brayan, mimi simo."

"Shikamoo, shemeji," nikamtangulizia heshima kabla ya kumpinga.

"Marahaba," akaitika, maana shikamoo haikataliwi hata kwa hasira.

"Wamtoe," nikamwambia nesi.

Wakamtoa. Nilisimama nimekumbatia mkoba. Brayan akakohoa kama mbuzi aliyepaliwa na pumba. Akapumua. Akapumua tena. Nesi akasema akae kitako na akohoe mara kwa mara, mapafu yajisafishe, kwani mpira kutoka siyo hatari kwisha.

Shemeji akachungulia. "Mwacheni alale. Mtoto amechoka."

"Kohoa," nikamwambia Brayan.

Akanitazama kwa jicho la mtu mwenye mbavu zinazouma. Sauti ikatoka imekwaruza. "Mama, unanisumbua."

"Kohoa."

"Baba mkubwa, mwambie."

Shemeji akamtazama, akanitazama, akavaa kofia yake.

"Kohoa, baba," akasema.

Akakohoa.