Chaki Mfukoni

Ngo, ngo, ngo. Naisikia chaki ikigonga mahali nisipopaona, mara nane, inatua, mara nane tena, kama ninavyohesabu mizani kwa kidole ninapotunga, na kabla sijajua kwamba usingizi umenichukua juu ya meza ya maktaba, barabara inafunguka miguuni pangu, nyeupe, haina mwisho. Natembea. Kuta za nyumba zote ni vioo, na katika kila kioo nimo mimi, Hatibu, niliyejifundisha ushairi kwenye magazeti yaliyofungiwa maandazi, mdomo wazi, sauti hakuna. Watu wamejaa barazani, midomo inacheza, nao hawasikiki. Namwuliza mmoja asiye na uso, aliyevaa koti la Daktari Mkwizu, mhadhiri wetu wa fasihi: mji huu umepatwa na nini? Anasema, umebeba nini mfukoni? Nasema nimeuliza kwanza. Anasema, na aliyeuliza kwanza ndiye asiyejua? Ndivyo alivyo Daktari hata tukiwa macho, hajibu, anauliza. Darasani tunakaa kwenye viti vilivyopangwa duara, kipande kimoja cha chaki kinapita mkono kwa mkono, mwenye chaki ndiye msemaji, na asiyejua husema sijui bado, akampa jirani. Jana kilikuwa kwangu. Nilisema shairi lisilo na vina si shairi, nikavimba kichwa. Daktari akauliza, bibi yako alipokubembeleza kwa wimbo usio na vina, mbona ulilala? Wakacheka. Nikatoka nikiapa sirudi tena, chaki yao mfukoni mwangu.

Nageuza njia, barabara inapinda na kunirudisha kwenye duara la viti, nageuza tena, duara lilelile, kiti kimoja kitupu. Asiye na uso ananifuata taratibu. Unaogopa kushindwa, ananiuliza, au kufundishwa? Nawaka. Mimi sikufundishwa na mtu, namwambia. Ananiuliza, magazeti yale yaliandikwa na nani? Namkumbuka bibi, mkono wake mgongoni, wimbo wake uliotembea bila vina na bado ukafika. Naketi. Natoa chaki, naiinua juu kama bendera, nasema: sijui bado. Mji mzima unalipuka kwa sauti, wanabishana, wanacheka, wanaulizana, na kifua changu kinajaa fahari ambayo hakuna ubeti uliowahi kunipa. Nampa jirani chaki.

Ngo, ngo. Ni Tunu, anayekaa kushoto kwangu darasani, anagonga meza. Amka, mshairi, saa nane hii, Daktari anauliza kama unarudi. Anagonga kwa kipande cha chaki. Napapasa mfukoni, hamna kitu. Umekipata wapi, namwuliza. Anacheka, si umenipa mwenyewe sasa hivi? Nyuma yake vioo vya madirisha vinanionyesha mdomo wazi, nami sijui niko upande upi wa vioo. Nakusanya daftari zangu. Tunu, nakuahidi, leo nakaa mpaka mwisho, na nikishindwa, nitashindwa nikiwa nimeketi.