Oili ya Baba Mkwe

Ukweni kuna adabu zake, na Jilala alizishika zote. Haketi kiti kimoja na baba mkwe, hamkatizi maneno, na kumsahihisha mbele za watu ndiyo kabisa, hathubutu. Basi jioni ile alipomkuta mzee Mwandu amefunua boneti ya Landrova yake ya mwaka sitini na nane, anamimina oili kutoka kidumu kipya kinachong'aa, alisoma maandishi ya kidumu, akayarudia mara ya pili.

Jilala ni fundi magari, Bariadi mjini. Oili ile ilikuwa nyepesi, ya magari ya juzi juzi. Injini kongwe namna hiyo, vyuma vimeshalika, hutaka oili nzito, namba arobaini. Ukiipa nyepesi presha inashuka, vyuma vinasagana vikavu.

"Hii ndiyo ya kisasa, mkwe!" mzee alijisifu, majirani wa pale kijijini Shishiyu wakitazama. "Binti yangu hapandi gari lenye oili ya kubahatisha."

Binti huyo ni Veronica, mke wa Jilala, aliyerudi kwao kujifungua mtoto wa kwanza. Mtoto amekaa vibaya, daktari alishasema ni upasuaji tu.

Jilala akakohoa.

"Umesema?"

"Hapana, baba. Gari zuri."

Lo! Mwanamume mzima, ufundi wa miaka kumi na miwili, eti gari zuri! Akajipa moyo kwamba asubuhi atamwambia mzee faraghani.

Uchungu ukamwahi. Kulipopambazuka Veronica analia, mvua imegeuza mbuga kuwa tope, pikipiki hazipiti. Wakampakia kwenye Landrova kumkimbiza hospitali, Jilala akakaa naye nyuma, mzee akashika usukani.

Katikati ya mbuga Jilala aliona sindano ya presha imelala sifuri. Hajafungua kinywa, injini ikaanza kugonga, ko, ko, ko, kisha ikakwama. Pande zote hapakuwa na hata nyumba moja.

"Fundi," mzee aliita. Hakuwahi kumwita hivyo. "Ni nini?"

"Ni oili, baba. Injini imenoki. Niliiona jana."

"Uliiona?" Mzee aligeuka kitini. "Ukaninyamazia?"

"Wewe ni mkwe wangu, baba."

Jilala akamgeukia mkewe. Tangu nyumbani Veronica alikuwa amemshika mkono, anambana vidole hadi vinauma. Sasa mkono wake ulikuwa umelegea, na vidole vya Jilala vilikuwa haviumi tena.