Nyuki wa Manjano, Olinda

…na haya mambo ya kuvaa manjano aliyaanza Marluce, si mimi, mimi nilisema tuwe paka, nguo nyeusi na masharubu ya wanja basi, lakini Marluce akasema paka wamejaa Olinda kila karnivali, sisi tutakuwa nyuki, akanunua satini, akatushonea mwenyewe, mimi na yeye na Cleide, na satini haifichi kitu, tone moja likianguka linaonekana mpaka ng'ambo ya barabara, na sasa tumebanwa hapa ukutani, chini ya dirisha la bluu, mbele watu, nyuma watu, hakuna wa kupanda wala wa kushuka mpaka mwanasesere mkubwa apite, yule wa mwanamke anayebebwa mabegani kila karnivali, na ndiyo kwanza nausikia ule mchonyoto kifuani, naujua, ule wa sindano nyingi nyembamba, tafadhali si sasa, tafadhali, nimekunja mikono kifuani kama mtu mwenye baridi, baridi gani na jua hili la saa nane, mawe yenyewe yanaunguza kupitia soli za viatu… "Edilene, mbona umejikunja, unaumwa?" Marluce huyo, anapiga kelele sikioni kwangu maana bila kelele husikiki, "Siumwi," namwambia, na kweli siumwi, nina maziwa tu, nina maziwa ya mtoto ambaye hayupo, yupo kwetu Surubim mikononi mwa mama mkwe, na sijawahi kumwacha zaidi ya kwenda dukani kununua mkate na kurudi mbio, na wiki iliyopita nilipomjaribu kwa chupa aliitema chuchu ya mpira akanitazama kama nimemtukana, sasa kama ameitema tena, kama analia saa hii hii, uso umekuwa mwekundu, vidole vimekunjwa… "Nenda, mwanangu," alisema mama mkwe, Dona Zuleide, alfajiri, kombi ikiwa inanguruma mlangoni, "nimelea saba, huyu mmoja atanifanya nini?" akanitilia mkobani mahindi ya kuchemsha, ya moto, kwenye maganda yake, hata sikumwona alipoamka kuyachemsha, lakini jirani yetu naye alikuwa kibarazani na kikombe chake cha kahawa, akasema kwa sauti ya kusikika, "Mama anayenyonyesha, karnivali anafuata nini?" na swali likapanda kombi pamoja nasi, likakaa nami njia nzima, wenzangu wakiimba… na jamani tazama kilima hiki, tazama vichwa, sijui kama Mungu mwenyewe alijua ameumba vichwa vingi hivi, na miavuli midogo ya rangi inaruka juu yake, inazunguka, inadakwa, na mzee mmoja aliyevaa mabawa ya malaika anashikilia chupa ya maji ya mtu asiyemjua ili mtu yule afunge kamba za viatu, na hakuna anayemsukuma, wote wamemwachia nafasi kidogo ya kuinama, kwenye umati huu usio na nafasi… halafu matarumbeta yanalia. Yamelia kule juu, nyuma ya kona, yote kwa pamoja, ukuta umetetemeka mgongoni mwangu, na mwili wangu umesikia mtu analia, ukaitika, haukuniuliza, maziwa yameshuka yote, yamepita sidiria, yamepita vitambaa nilivyovipachika, mikono yangu imelowa, nimeinua mkono mmoja kidogo tu nitazame na hilo ndilo kosa, maana mbele yangu kuna jibaba lenye ndevu limevaa gauni la harusi na shela, limegeuka, limeona. "Jamani eee! Nyuki huyu asali imemwishia, anatoa maziwa!" Watu wanacheka, si kwa ubaya, hapa kila mtu anachekwa, lakini masikio yangu yanawaka moto, na Cleide ameshamrukia, "Na wewe bi harusi, bwana harusi ameziona hizo ndevu au unamfanyia ujanja?" wakacheka zaidi, naye bi harusi akacheka kuliko wote, akainamisha kichwa kwangu kama anayeomba radhi, mimi sicheki, natafuta njia ya kutoka na njia haipo, na Marluce amenikaribia, safari hii hapigi kelele, "Shoga, sema tu, tukurudishe kwenye kombi," na anaposema hivyo ananitazama mimi, hatazami kona, yeye aliyetaka kumwona mwanasesere huyu tangu tukiwa madarasa ya chini, aliyekuwa akimchora nyuma ya daftari, sasa amempa mgongo kwa ajili yangu, na nikisema ndiyo wataandamana nami wote wawili, watanipasulia njia kwa viwiko, na tutakaa kwenye kombi yenye joto dereva akikoroma, na mwanangu Heloísa atakuwa mbali vilevile, na nikisema hapana nitasimama hapa na madoa haya mawili wanione wote, na labda jirani alisema kweli, labda nimekuja kufuata kitu ambacho si changu tena, ndiyo, niseme ndiyo… "Maji, bibi, maji!" watu wanaita, wanatazama juu ya kichwa changu, dirisha la bluu limefunguka, bibi mwenye vibano vya nywele ameshika mpira wa maji, ameuziba kwa kidole gumba, anawanyunyizia wa katikati, wanafungua vinywa kama makinda, naye anawagomba, "Taratibu, wewe mrefu waachie wengine!" na katika kuwagomba ananitazama chini, ananitazama mikono ilivyokunjwa, kinachotiririka chini ya kiwiko, na uso wake unatulia. Anaushusha mpira, anaondoa kidole gumba, maji yote yananiangukia mimi, utosini, mabegani, kifuani, baridi ya kisima, napiga yowe, mikono inafunguka yenyewe, Marluce anapiga yowe, na bibi ameshamhamia Marluce, kisha Cleide, nyuki wote watatu tunatiririka maji, "Na mimi, bibi!" bi harusi anaita, "Wewe ngoja, nguo ya harusi hailowanishwi hovyo!" na mimi natazama kifua changu, satini yote imekuwa rangi moja, haina doa, haina mpaka, hakuna anayeweza kusema hiki maji na hiki maziwa, ila mimi tu ninayajua, kwa sababu maziwa ni ya moto, yanashuka ndani ya ile baridi, bado yanashuka, na ninapoinua uso bibi ameweka kiganja kifuani mwake mwenyewe, kidogo tu, kisha akakiondoa akaendelea kugomba watu… alijuaje, nani alimfundisha, hanijui jina, hajui kama nina Heloísa, na labda saa hii Dona Zuleide naye ana kiganja kama hicho mgongoni mwa mwanangu, na kama analia analia mikononi mwa mtu anayejua kilio… matarumbeta bado yako nyuma ya kona, umati haujasogea hata hatua, lakini juu ya mapaa kumetokea nywele nyeusi, kisha paji la uso, macho, mwanamke mkubwa kuliko nyumba anachungulia mtaani polepole, kama jirani anayechungulia uani kutazama kama watoto wa mwenzake wamelala… "Edilene," Marluce ananivuta mkono, anadondosha maji puani, "kwa hiyo vipi, turudi?" Sogea kidogo, namwambia, unanizibia.