Vindla na Hatamu

Kadiri nilivyovuta hatamu, ndivyo farasi alivyozidi kukimbia. Kigari kiliruka juu ya mawe, ziwa likapita kushoto kwetu kama kioo kinachovunjika, na mke wangu Gunhild alishikilia kiti kwa mikono miwili. Mwishowe kilima ndicho kilichotusimamisha.

“Torvald,” alisema alipopata pumzi, “huyu arudi kwenye lori ulikomtoa, au nihame mimi.”

Lori lile lilikuwa likienda machinjioni. Nilimnunua humo theluji ilipoanza kuyeyuka, farasi jike mweusi, mbavu zikihesabika, hana hata karatasi moja ya kumtambulisha. Nilikuwa nimestaafu kazi ya kiwanda cha mbao. Nilisoma madarasa ya jioni nikiwa na miaka arobaini, na tangu hapo sikubali kwamba kuna jambo lisilotafutika.

Nikanyoa manyoya ya shingo yake. Chini yake kulikuwa na alama nyeupe zilizochomwa kwa chuma kilichogandishwa, zile wanazotiwa farasi wa mashindano ya vigari. Nilizinakili, nikaandika barua kwa chama cha mashindano hayo. Jibu lilichukua siku tisa, na siku zote hizo nilimlisha nikiwa nje ya uzio huku nikimsemesha kwa sauti ya bwana mwenye uhakika. Gunhild alinitazama dirishani. Hakudanganyika.

Farasi aliitwa Vindla. Alishinda mara kumi na moja. Mtunzaji wake wa zamani alikuwa Anneli Brask, aliyeishi ng'ambo ya ziwa.

Nilimwita Anneli, akaja amevaa mabuti ya mpira. Aliita jina mara moja tu. Farasi akavuka uwanja mzima, akamwekea kichwa kifuani.

“Kwa hiyo alikimbia nawe?” aliuliza nilipomsimulia.

“Nilimvuta kwa nguvu zangu zote.”

Alicheka hadi akashika uzio. “Mzee wangu, kumbe ni wewe uliyemwambia akimbie! Tunawafundisha waegemee lijamu, chuma cha mdomoni. Ukivuta, anajua mwisho wa mbio umekaribia, anakaza mwendo. Maskini, alikupa roho yake yote.”

“Sasa anasimamishwaje?”

“Unamwachia.”

“Nimwachie? Katikati ya mbio?”

“Hapo ndipo wanaume wenye mikono kama yako wanaposhindwa.”

Gunhild alisikia yote. “Jumamosi tumjaribu tena,” alisema. “Akirudia, lori.” Na Jumamosi alipanda kigarini kabla yangu. “Ukifa, sitaki kuletewa habari na majirani.”

Kwenye njia ya ziwa gari la maziwa lilitupita. Vindla akainua kichwa, akachomoka mbio. Mikono yangu ilivuta kabla sijaiambia kitu, naye akaongeza mwendo. Nikafungua kidole kimoja. Cha pili kilikataa, nikakilazimisha. Hatamu zikalegea, na kwa hatua ishirini hakuna kilichobadilika, nami nikaamini nimetuua sote wawili.

Kisha sikio moja likageuka nyuma, kuniuliza. Nikazidi kulegeza. Akapunguza, akatembea, akasimama.

Nilishuka nikamsifu. Nikakaa kwenye changarawe, mbele ya kwato zake. Gunhild alishuka upande wa pili, akanipita, akamshika farasi lijamu.

“Twende nyumbani, Vindla,” alisema. “Huyu mzee atatufuata.”