Aliyefunikwa Vizuri

Wenzake walimwita Sista Polepole, na jina likamkaa. Mtoto akizaliwa mikononi mwake, hata kama leba nzima inapiga kelele, alimkausha kichwa, mgongo, makwapa na kila kikunjo, kama mtu anayefuta vyombo vya wageni. Mkunga mwenzake alimtania kwamba watoto wake wataota meno kabla hajamaliza kuwapima.

Siku moja mwenzake alikuwa anaumwa, kwa hiyo Sista alikuwa peke yake. Asubuhi, binti mwenye mimba ya kwanza, aliyeletwa na mama mkwe wake, alijifungua mtoto wa kiume. Mtoto akalia papo hapo. Rangi yake nzuri, moyo unadunda sawasawa, miguu inarusha mateke. Sista akamlaza kifuani kwa mama yake, akakata kitovu na kukibana kwa kibanio cha plastiki. Kitovu chenyewe kilikuwa kinene, kimejaa ute, na vitovu vya namna hiyo husinyaa baadaye, kibanio kikalegea. Hilo alilijua fika. Alikuwa ameshanyoosha mkono achukue uzi afunge mara ya pili, ndipo mwanamke wa kitanda cha pili, aliyejifungua alfajiri, akasema kwa sauti ndogo, "Sista, naona giza."

Shuka lake lilikuwa limelowa damu mpaka kwenye godoro.

"Mama, mfunike mjukuu wako asipate baridi. Nakuja sasa hivi," Sista akamwambia yule mama mkwe.

Hakuja. Alikanda tumbo, akachoma sindano, akatundika dripu, akamtuma mfagiaji amkimbilie daktari. Damu ilikuja kukata wakati mikono ya Sista imekwisha kufa ganzi. Yule mwanamke akapona.

Aliporudi, bibi alikuwa ameketi kitini na kifurushi chake mapajani, amekizungushia shali juu ya shali, ametulia. Binti alikuwa amesinzia.

"Kalala fofofo," bibi alisema. "Hata hajatusumbua."

Sista akafunua. Shali ya juu ilikuwa kavu. Ya ndani ilikuwa nyekundu, nzito, bado ina joto. Midomo ya mtoto haikuwa na rangi kabisa.

Alikibana kitovu kwa vidole, akakifunga, akampulizia hewa kwa kifuko cha kupumulia, huku daktari, aliyekuwa ameshafika, akitafuta mshipa wa kumwekea dripu. Mishipa ilikuwa imenywea. Moyo ulidunda kidogokidogo, kisha ukanyamaza.

"Basi, Sista," daktari akasema. Sista aliendelea kupuliza mpaka daktari alipomshika mkono.

"Ni mimi," bibi akasema. "Nimemfunika mno, nisione kitu. Ni mimi huyu."

Binti akageuza macho, akamkazia mama mkwe wake. Sista aliyaona macho yale, akajua yatahamia nyumbani kwao, yatakaa nao mezani miaka na miaka. Habari ya uzi hakuna mwingine aliyeijua. Ilitosha anyamaze tu.

"Nisikilize, mwanangu," akasema. "Mama yako alifanya nilichomwambia. Kitovu nilitakiwa kukifunga tena kwa uzi. Sikukifunga. Nilikwenda kwa mwenzako, sikurudi kumwangalia mtoto."

Binti akamgeukia Sista. "Ungekifunga, angekuwa hai?"

"Ndiyo."

"Basi toka. Usimguse tena mwanangu."

Sista akatoka. Akachemsha maji, akayapoza kwa mengine ya bomba, akasimama na beseni nje ya mlango, hana ujasiri wa kubisha. Hatimaye bibi akatoka kutafuta maji ya kumwoshea mjukuu wake. Hakumtazama usoni.

"Yana moto?"

"Vuguvugu, mama."

Bibi akatumbukiza kiwiko ndani ya beseni, akakiacha humo kidogo, kisha akalipokea na kuingia nalo.