Suti ya Chupa

Fundi wa nguo alikimbiwa na mkewe sikukuu za mwisho wa mwaka zikiwa zimekaribia. Hawakugombana, wala hakuna sahani iliyovunjika. Mke alipanga begi lake taratibu, akafunga zipu, akasema, "Naenda kwa baba. Ukilijua kosa lako, uje." Akaondoka. Fundi akabaki kwenye cherehani, mguu juu ya pedali, anatafuta kosa. Alilitafuta kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka sakafuni, yaani huku akiogopa kulikanyaga.

Hakulipata. Basi akaona apite njia ya mkato, na njia yenyewe ni baba mkwe. Mzee yule alikuwa dereva wa malori mstaafu, na duniani alipenda vitu viwili, binti yake na bia, ingawa watu wa nyumbani walikuwa hawajakubaliana ni kipi kinatangulia. Fundi akajiambia: nikimpa zawadi ya sikukuu ikamkuna panapowasha, mzee atasema neno moja tu, na mke wangu atarudi.

Akampigia simu shemeji yake, kaka wa mkewe, waliyemwita Honi kwa sababu ya sauti.

"Shemeji, mpenda bia anapewa zawadi gani?"

"Usilete kifungua chupa!" Honi alipaza mpaka fundi akaisogeza simu mbali na sikio. "Kila mwaka tunampa kifungua chupa. Droo haifungi tena."

"Na bia yenyewe?"

"Bia anayo. Utakuwa umempelekea alichonacho, tena kidogo kuliko alichonacho."

Fundi akaenda dukani, duka kubwa lenye kona nzima ya wapenda bia. Msichana wa pale akampokea kama daktari anavyompokea mgonjwa.

"Mzee wako anakunywa amekaa au amesimama?"

"Amekaa."

"Akimaliza anasimama?"

"Inategemea."

"Basi huyo ni wa kofia." Akamvisha fundi kofia ngumu yenye makopo mawili pembeni na mirija inayoshuka mpaka mdomoni. Fundi akajitazama kwenye kioo, akauona kabisa mlango wa baba mkwe unavyofungwa.

"Kuna sabuni ya kuogea inayonukia bia," msichana akaendelea.

"Mama mkwe atasemaje?"

"Kwa mama ipo nyingine, ya kuiondoa hiyo harufu."

Ndipo fundi akaona kitu kama soksi isiyo na kisigino. Akaambiwa ni vazi la chupa, bia isipate joto. Akaligeuza ndani nje, kama afanyavyo kwa kila nguo anayoishika, hata ya mtu aliyeivaa. Akatazama mshono. Damu ikamchemka.

"Hivi huu ni mshono au matusi?"

"Ni la chupa tu, kaka."

"Chupa haina heshima yake?"

Alirudi kibandani kwake na chupa moja ya bia, mwendo wa mtu aliyetukaniwa mteja. Akaisimamisha juu ya meza ya kukatia, akaipima shingo, mabega, kifua, kiuno. "Usibane pumzi," akaiambia, kwa mazoea. Kwenye rafu ya juu kulikuwa na kitambaa kizuri cha zambarau kilichokunjwa siku nyingi, hakumbuki ni cha nani. Akakata pembeni. Kabla jua halijazama chupa ilikuwa na koti la vifungo vitatu, bitana ndani, mfuko wa kifuani wenye leso, na tai. Suruali hakushona, maana miguu hakuiona. Na kwa jinsi alivyofundishwa kazi, akaacha upindo mpana ndani ya mishono ili mteja akinenepa koti liongezwe.

Siku ya sikukuu akabisha hodi kwa wakwe. Mkewe alichungulia kutoka jikoni, akarudi kwenye masufuria yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umeleta kifungua chupa?"

"Hapana, baba."

Mzee akafungua boksi, akaisimamisha chupa mezani. Mzee akajikuta ameinuka, akafunga kifungo cha juu cha shati lake mwenyewe, akaivutia chupa kiti.

"Karibu," akasema.

Honi akacheka mpaka glasi zikalia kabatini. "Baba, ni bia hiyo! Fungua, bado baridi."

"Nifungue nini? Mtu kavaa tai!"

"Ni bia, mzee," fundi akasema kwa upole.

"Najua ni bia. Mimi nilikuwa dereva, lakini siku ya kumwoza binti yangu nilivaa tai, na hakuna aliyeniambia nikaendeshe lori." Mzee akachukua kifungua chupa, akakipeleka, akakirudisha. "Siwezi. Ananitazama."

"Hana macho, baba."

"Ndiyo maana naumia zaidi."

"Basi mvue koti tu," Honi akasema.

"Mbele ya mama yako?"

Mama mkwe alikuwa amesimama muda wote na sinia mkononi. Sikukuu zote za maisha yake, saa kama hiyo mumewe alikwisha kuanza kuimba. Leo amekaa wima, kinywa kikavu, anamkaribisha mgeni. Mama akaweka sinia chini.

"Mwanangu fundi," akasema, na hajawahi kumwita mwanangu, "ndani kuna kreti zima. Unaweza kuzishonea zote?"

"Mama watoto!" Mzee alipauka. Akamgeukia fundi, akamshika mkono. "Mkwe, sema shida yako. Sema unachotaka."

Fundi akapiga moyo konde. "Nataka mke wangu arudi nyumbani."

"Mchukue! Mchukue sasa hivi. Ila usishone nyingine."

"Mimi nachukuliwa, nimekuwa begi?"

Ni mke, ametoka jikoni anafuta mikono. Hakumtazama mumewe wala baba yake. Alikwenda moja kwa moja kwenye chupa, akaushika ukosi wa koti, akausugua kwa vidole.

"Kitambaa hiki umekitoa wapi?"

"Rafu ya juu."

"Nani alikiweka rafu ya juu?"

Fundi akakumbuka. Uso ukamshuka.

"Nilikupa kitambaa hiki unishonee gauni la harusi ya mdogo wangu," mke akasema. "Mdogo wangu sasa ana mtoto, na mtoto anatembea. Kila nikiuliza, kesho. Hii chupa imeingia kwako siku moja tu ikapimwa, ikakatiwa, ikapata na leso!"

"Nilidhani wewe ni wa nyumbani," fundi akasema, "utanielewa."

"Wa nyumbani ndiyo tuvae mapazia?"

Hapo hata Honi alinong'ona. Alisema tu, "Shemeji, umekwisha."

Fundi akajitetea. "Nilikata pembeni. Kilichobaki kinakutosha, vipimo vyako navijua."

"Unavijua vya yule uliyemwoa. Nipime mimi."

Fundi akaivua futi ya kupimia shingoni, maana hata kwa wakwe alikwenda nayo. Akampima palepale sebuleni, mabega, kifua, mkono. Mzee aligeukia dirisha kwa adabu, kisha akaigeuza na chupa itazame hukohuko.

"Kwa baba nimekwisha kuaga," mke akasema futi iliposhuka. "Lakini begi linabaki hapa. Nakuja kama mteja. Gauni likiisha ndipo nitajua nalala wapi."

Wakaenda. Kibandani mke akakaa kwenye benchi la wateja, mikono mapajani. Fundi akatandaza kitambaa, akachora kwa chaki. Hajakata, akaingia mwalimu mmoja, mteja wake wa zamani.

"Fundi, suruali yangu?"

Mdomo wa fundi ulishaanza kufunguka wenyewe useme kesho. Akaona mkewe ameinua nyusi.

"Suruali yako sijaigusa," akasema. "Na sijui nitaigusa lini."

Mwalimu alishika nguzo ya mlango. Akamtazama fundi, akamtazama yule mwanamke, akauliza kwa sauti ya chini, "Kuna msiba?"

Mke akacheka. Kicheko kilimtoka kabla hajakizuia. Akajikaza, akakunja uso upya, lakini alikuwa amekwisha kusogeza benchi karibu na meza.

"Kata," akamwambia fundi. "Mikono naitaka mirefu."